Hesabu ya Friza

Nimeandika nyuma ya risiti ya Luku:
kisamvu, mafungu sita, Mgandini;
maharage kilo mbili;
nazi nane, na ya tisa ya nyongeza
kwa kuwa mke wa muuzaji alijifungua zamu yangu.
Gesi: saa nne mfululizo, kisha wiki nzima kimya.
Umeme wa friza:
hapo kalamu inasita.

Friza yenyewe niliinunua Chumbageni
kwa mwalimu aliyehamishiwa Lushoto,
ambako, alisema, baridi ni ya bure.
Inanguruma usiku kucha
kama mtu anayedai deni kistaarabu.

Kila Jumapili napika kama mwenye harusi.
Watoto wa Barabara ya Kumi na Tisa
huchungulia uani wakimtafuta bwana harusi.
Hakuna. Kuna wiki yangu tu:
zamu tatu za usiku Bombo, mbili za mchana,
na Mbwana, anayerudi kutoka kiwandani Pongwe
na saruji kwenye kope,
na njaa isiyojua kusubiri kisamvu kitwangwe.

Basi najaza makopo.
Plasta ya hospitali juu ya kila kifuniko,
jina, tarehe, saa,
kama ninavyoandika kwenye vichupa vya damu,
nisije nikampa mtu ya mwingine.

Mama mkwe wangu, Bi Mwanakombo, hukaa chumba cha uani.
Wiki ya kwanza hakusema kitu.
Ya pili akasema: "Kiporo ni kiporo,
hata ukikivika barafu."
Ya tatu akapika chake, kibaba kimoja, juu ya mkaa,
akala amenipa mgongo.

Na mimi ningemjibu nini? Tui lenyewe hunisaliti.
Likitoka kwenye baridi hukatika,
mafuta huku, maji kule,
kama ndugu waliokwisha kugawana shamba.
Viazi huwa mchanga. Bamia, usiniulize.
Na umeme ulipokwenda siku mbili, mwezi wa tatu,
niliilisha barabara nzima maharage ya wiki tatu,
wasiojua wakaniambia hongera.

Inalipa?
Nimejumlisha, nimetoa, nimegawanya kwa siku saba.
Lakini ipo saa moja haina mstari kwenye risiti:
natoka wodini asubuhi, miguu imevimba,
mikono bado inanuka spiriti,
na kazi pekee iliyobaki duniani
ni kufunua kifuniko.
Hiyo niiandike shilingi ngapi?

Juzi kopo moja halikuwepo.
Nikahesabu tena, vidole vimekufa ganzi.
Kumi na moja.
Mbwana akaapa kwa Mungu, kisha kwa mama yake,
na alipomtaja mama yake
tukatazamana.

Jana kopo limerudi.
Limeoshwa, limekaushwa,
na halikurudi tupu, maana chombo cha mtu
hakirudishwi tupu mjini hapa:
ndani mna nazi iliyokunwa,
imetoka kwenye mbuzi muda huohuo.
Kwenye plasta, chini ya mwandiko wangu,
zimeanzia kulia herufi za Kiarabu,
za mkono uliojifunza chuoni kabla sijazaliwa.
Nikazisoma polepole, kidole juu ya kila moja:
tui ni la siku yake.

Sikumwita. Sikubisha hodi.
Nilitoa kisamvu kigumu kama tofali,
nikakiacha sufurianito kilegee kwa hiari yake,
nikachuja nazi nikiwa bado na sare ya kazi,
na lile tui la Jumapili lilipoanza kukatika, kama kawaida yake,
nikamimina jipya juu.

Mlango wa chumba cha uani ukafunguka kidogo,
kiasi cha pua.