Kizibo

Froilán alikitumia kuzibia chupa ya pombe.
Ikavuja. Akakilaani. Akakitumia tena.
"Ndivyo nilivyojua si cha mviringo," asema Nemesia,
akinikabidhi kikiwa ndani ya soksi ya mtoto.
"Chupa ilinifundisha: kina pembe nne."

Nimepanda kutoka La Paz kuja kukichora.
Nina penseli tatu, rula, na mafua.

Naanzia juu, kwenye mdomo mpana.
Nyuso nne, karibu sawa, si sawa kabisa,
zachongoka kwenda chini kama pia ya mtoto
iliyochongwa na mtu asiyepata kuona pia ikizunguka.
Pembeni, pale kona ilipostahili kukata,
ukuta umejikunja kwa ndani, ukawa mfereji.
Na kila uso una mbavu, nyembamba,
za madini yaleyale ya meno yangu,
zimepandana hadi katikati ya uso
na hapo hazikutani:
ya kushoto yafika, ya kulia imepita juu kidogo,
kama zipu ya koti la Nemesia iliyoruka jino.
Nahesabu. Napotea kwenye sitini na kitu.
Naanza upya.

Mdomoni kingo nne zimelala kwa ndani,
zilivyojifunga siku matope yalipokuja.
Mwenye nyumba hakuacha kitu.
Jamaa ya yavuyavu, wasema wanaojua,
kisha huongeza: huenda.
Naandika huenda.

Chini hakuna ncha.
Ilivunjika kingali hai,
pale kiliposhikilia kombe la mwingine,
nacho hakikuvuja:
kilijenga ukuta mwembamba, uliobinuka kama ukucha,
kikaendelea kuishi, kifupi.

Namwonyesha kwa ncha ya penseli.
Anainama, anavua miwani, anaivaa.
"Kumbe kuziba kilijua," asema.
"Ni Froilán tu."

Nje lama wanatafuna nyasi ngumu,
mita elfu nne juu ya bahari tuliyonyang'anywa.
Kila Machi shule ya hapa huandamana kuidai;
mjukuu wake hupiga ngoma.
Mwaka huu atampa akiweke mfukoni,
"angalau mmoja wetu awe na ushahidi."
Namwomba aniachie hadi Alhamisi.
Bado sijachora uso wa nne.