Usiku wa Ndoo

Maji ya kisima chetu hapa Majengo hayafai.
Nimeyaonja kwa ncha ya ulimi: chumvi,
ile inayoanzia ukingoni mwa jani
ikalikunja kama manda za sambusa.
Kwa hiyo hununua madumu mawili ya mfereji kwa Kitsao,
nikayaacha wazi uani tangu alasiri
ile dawa ya mfereji ipae, iende zake.
Dawa haijui kuchagua,
huua cha kudhuru na cha kufaa pamoja.
Hilo nalijua. Miaka thelathini na mmoja nilivaa sare nyeupe,
nikihesabu matone ya dripu kwa saa ya kifuani.

Mboji imo pipani, nyuma ya bafu:
maganda ya ndizi, machicha ya nazi,
masimbi ya chai ya Ramadhani nzima,
samadi ya mbuzi wa Bwana Dhulkifli
ambaye alitaka kuniuzia, kisha akaona haya.
Miezi minne. Ukitia mkono haikuchomi tena.
Nikafunga vibaba viwili katika mtandio mkuukuu,
fundo la hospitali, lisilofunguka,
nikatumbukiza ndooni na kipande cha sukari guru.

Pampu ni ya Nadhiri, mjukuu wangu.
Samaki wake walikufa wiki ya mitihani
na pampu hakuwa na moyo wa kuitupa.
Sasa yapuliza ndoo yangu,
bubu-bubu, bubu-bubu,
povu la hudhurungi likipanda hadi mdomoni.

Saa nane usiku stima ikapotea.

Niliamshwa na kimya,
kama zamani wodini, alipoacha kukoroma
mgonjwa wa kitanda cha tisa.
Vidudu vile nisivyoviona vinapumua.
Vikikosa hewa, vyema hufa,
vikabaki vya uvundo.
Nikachukua mwiko mkubwa, ule wa pilau ya harusi ya Sauda,
nikakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, meno nimeyafunika kwa kitambaa,
nikakoroga.
Kulia mara mia. Kushoto mara mia.

Dirisha la Mama Ridhiki likafunguka.
"Nesi, wapika nini saa hizi?"
"Chai."
"Ya nani?"
"Ya mabiringani."
Akanyamaza kidogo.
"Mola akuafu," akasema, akafunga.

Kulia mara mia.
Kuna aliyenishika kidole hiki, hiki cha shahada,
usiku mtungi wa hewa ulipokwisha
na ufunguo wa stoo uko kwa mtu aliyelala Mikindani.
Sisemi haya kwa kutaka kuliwazwa.
Nilikuwa nikikoroga tu, hesabu ikanifikisha pale,
nikapoteza namba, nikaanza tena moja.

Stima ilirudi baada ya adhana. Pampu ikakohoa, ikashika.
Kiwiko changu hakikutaka kunyooka.
Nikainama juu ya ndoo, nikanusa kama anusavyo mama kichwa cha mtoto:
udongo. Udongo uliolowa, basi.

Haiwekwi hiyo. Ya leo ni ya leo.
Kopo moja kwa makopo kumi ya maji,
rangi ya chai ya mkandaa isiyokolea,
kabla jua halijaruka ukuta.
Nikamimina shinani, polepole,
nikanyunyiza na mgongo wa majani, ambako hakuna atazamaye.
Iliyobaki nikaitia chupani nikaiweka kizingitini kwa Mama Ridhiki,
kwa ajili ya mrehani wake unaokohoa.
Hakuuliza. Chupa ilirudi tupu, imeoshwa.

Siku ya tisa. Sijui kama ni ile chai
au ni manyunyu ya juzi. Nesi haapi.
Nimeandika tu kwenye daftari, kwa wino wa buluu:
Mkebe wa tisa. Rangi afadhali.
Jani jipya moja.
Anakunywa.