Usingizi wa Pono

Januari, Kajaani, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Umeme huku unauzwa kwa saa, kama vyumba vya gesti,
na saa kumi na mbili jioni bei hupanda
kwa sababu kila mtu anapika.

Nilizima jiko la sauna. Nilizima taa ya ukumbini.
Nilivaa soksi mbili mbili, nikafungua bili,
na bili ikanitazama vilevile.

Kikulacho, basi, kitafute nguoni.
Nikanunua mita ya kuchomeka ukutani, yuro kumi na mbili,
nikazunguka nayo nyumba nzima kama daktari wa mifugo:
friji, haina neno. Redio, haina neno.
Kisha chumba cha Jouni.

Kompyuta aliyoiunda mwenyewe kabla ya kuhamia Oulu.
"Usiizime, mama, nitakuwa naiingia kutoka huku."
Hajaiingia tangu Juhannus, usiku ule usio na giza.
Haiandiki, haichezi, haihesabu kitu.
Feni inavuma tu, taa za rangi zinapishana kwenye kioo,
na mita inasema: wati hamsini na nane.
Hamsini na nane, kwa kukaa!
Hata mume wangu wa kwanza alikula kidogo kuliko hapo.

Rahisi ni kuizima, najua. Niliahidi.

Nikaiwasha upya, nikigonga kitufe cha kufuta
kama mtu aliyefungiwa nje kwenye theluji,
mpaka bayosi ikafunguka, buluu, Kiingereza kitupu.
Changu ni cha shuleni, cha miaka arobaini iliyopita.
Lakini mimi ni karani wa bohari ya mabasi:
orodha ndefu hainitishi.

Kumbe kichakataji kina ngazi za usingizi,
C moja, C tatu, C sita, na kuendelea chini,
na Jouni alikuwa amezifunga zote
ili michezo yake isikwame hata nukta moja.
Miaka yote hii kimelala mang'amung'amu,
jicho moja wazi, viatu miguuni.
Nikakifungulia mpaka ngazi ya mwisho. Lala, nikakiambia,
lala kama pono.

Kikalala kweli. Skrini nyeusi.
Nikabonyeza, nikabembeleza, nikatukana kwa Kifini safi.
Hakikuamka.

Tauno wa ghorofa ya chini, fundi mstaafu, alipanda na bisibisi,
akafungua ubavu, akachokoa betri ndogo kama kifungo cha koti.
Tukanywa kahawa mbili mbili tukingoja ubao mama usahau.
Ulisahau. Ulipowaka, tarehe ilikuwa
Januari mosi ya mwaka uliotengenezwa,
mwaka ambao Jouni alikuwa bado anamaliza maziwa yangu
na kurudisha pakiti tupu kwenye friji.

"Rekebisha tarehe," alisema Tauno.
Nikasema, ngoja kidogo.

Safari ya pili nilishuka kwa kushika ukuta.
C sita, si zaidi. Njia za kadi zisinzie zikikosa msafiri.
Taa za rangi, zima. Tundu za sauti ambazo hakuna azitumiaye, funga.
Nabadili kimoja, naandika daftarini, natoka, nasoma mita:
arobaini na moja, thelathini, ishirini na mbili.
Kwa penseli: wati thelathini na sita, mwaka mzima,
ni sauna thelathini na tano.

Ukurasa wa mwisho una kipengele kimoja
kinachoacha sikio wazi kwenye waya wa mtandao
hata mashine ikiwa imezimika kabisa,
ili mtu wa mbali akiita, iamke.
Tauno alikadiria: wati moja, labda pungufu.
"Hiyo nayo zima. Haba na haba."

Nilimpa bisibisi yake, na koti lake.

Tarehe nimeirekebisha. Dakika ziko nyuma tatu,
nimeziacha, pamoja na sikio lile.
Saa sita usiku bei ikashuka.
Nikawasha jiko.