Sharti la Kumi na Moja

Karatasi ya njano imefungwa langoni kwa waya,
mvua ya Ceredigion imeilamba hadi wino ukachuruzika.
Emrys ataka kujenga nyumba kumi na mbili
palipokuwa kiwanda cha sufu.

Mchora ramani amemlipa. Mpima ardhi amemlipa.
Mhandisi wa majitaka amemlipa mara mbili.
Halmashauri yauliza: na popo je?

Popo wamelala darini, vichwa chini,
wanne tu, kila mmoja kama kidole gumba,
na sheria yasema wasiamshwe hadi Mei.

Jirani, Bi Nesta, ameandika pingamizi kurasa sita:
ghorofa ya tatu itameza jua
la dirisha analooshea vyombo.
Sentensi ya mwisho ameikata kwa mstari, bado yasomeka:
humo ndimo mama yangu alimopotezea masikio.

Kikaoni, mikono saba imeinuka, sita imebaki mezani.
Ruhusa imetoka, na masharti ishirini na tisa.
Emrys arudia la kumi na moja:
acha upenyo ukutani, sentimita mbili,
mlango wa wapangaji wasiolipa kodi.

Nje, Nesta anamngoja chini ya mwavuli.
"Na mimi," amwuliza, "sharti langu ni la ngapi?"