Lastiki ya Sketi

Umeme umekatika Kihumuro saa nne na dakika saba usiku,
hesabu yangu ikiwa hatua ya mia mbili na kumi.
Kromiamu na jirani zake, safu moja tu ya atomu,
nyembamba hata neno "wembamba" ni nene kwake.
Kompyuta inahema kwa betri. Natoa sketi mkobani,
kazi ya Kyarisiima, mdogo wangu; aliishona jana Kakoba
huku akibishana bei na wateja wawili,
na lastiki ya kiunoni ikajisokota mara moja
kabla hajaunga ncha.

Ivute: inavutika.
Ipige pasi: inalala hapa, inainuka pale.
Nimeusukuma ule msokoto hadi ubavuni, hadi mgongoni,
umezunguka kiuno kizima, ukarudi kunisalimu.
Hautoki.
Hautatoka mpaka uzi ukatwe.

Na hilo ndilo nililoshindwa kumweleza Dokta Kanyesigye
kwa kurasa tatu za alama za Kigiriki:
kwamba namba niliyoipata ni moja,
si moja kasoro, si moja na chenji;
kwamba vumbi, joto kidogo, atomu iliyokosa mahali pake,
vyote huivuta lastiki tu.
Ili moja iwe sufuri, pengo la nishati sharti lizibike.
Sharti mahali fulani mkasi upite.

Katikati ya safu elektroni zimelala.
Ukingoni zinakwenda, upande mmoja,
kama bodaboda kwenye mzunguko wa barabara kuu:
lori la matoke likizima njiani hazirudi nyuma,
zinalikwepa, zinashika ukingo, zinaendelea.
Sumaku ndiyo trafiki. Igeuze,
zote zitazunguka kinyume, bila kuuliza.

Lakini usiku huu sitafuti mwendo huo.
Elektroni huzunguka kiini chake,
na mzunguko wenyewe, mzunguko mtupu,
waweza kusafiri pale ambapo chaji haitoki.
Usiniulize unapitaje.
Nimeuona mchoroni kabla ya giza: mstari
umenyooka ndani ya pengo, juu kidogo ya sufuri,
mahali ambapo nilitegemea kimya.

Mtaa wetu Jumapili asubuhi uko hivyo.
Milango ya mabati imeshushwa, hakuna shilingi iliyobadili mkono,
ila "agandi" imetoka kwa muuza mafuta ya taa,
imepita kwa fundi redio,
imekata kushoto penye mtaro,
imefika mlangoni kwetu ikiwa nzima.

Simu inawaka. Kyarisiima:
"Nirudishie hiyo sketi, niifumue. Naona aibu."
Ngoja, namwandikia. Usiguse uzi.
Kesho naingia nayo ofisini kwa Dokta.

Betri asilimia nne. Hesabu itaanza upya, hatua ya kwanza.
Naivaa gizani, juu ya suruali.
Msokoto umekaa kwenye nyonga ya kushoto,
unabana kidogo.