Wewe: Sifuri

Mistari saba tu, na mmoja hauna kazi;
nimeuacha kwa sababu jana ulinipa bahati.
Fungua faili. Shusha herufi kubwa. Futa nukta.
Kata penye nafasi. Hesabu. Panga.

Ndani ya faili ni baba, karani wa shehena Kilindini,
zamu ya usiku, miaka kumi na minne.
Mama muuguzi, Makadara, zamu ya mchana.
Walipishana kwa saa moja, ghorofa ya tatu, Tudor,
na kilichobaki mezani kikawa karatasi:
nyuma ya risiti, nyuma ya fomu za bandari.
Nimezichapa zote. Mia nne na sita.

Nikabonyeza. Mashine haikuvuta hata pumzi.
*Na* ikatangulia, kama kawaida yake
kujitia mbele ya kila foleni.
Nyuma yake *ya*, *kwa*, *ni*. Nikazitoa nje.
Wakabaki wenye nyumba:
*chai*, mia tatu na moja,
*mlango*, mia na tisini,
*maji*, yakikatika, yakirudi, mia na sabini.
*Kunguru*, mara tisa:
baba alikuwa na ugomvi nao dirishani.

Nikatafuta *mpenzi*. Sifuri.
*Wewe*. Sifuri.
Nikaandika tena, huenda nimekosea herufi.
Sifuri.

Nikashuka mkiani mwa orodha,
kule kwa maneno ya mara moja moja,
ambako programu haijui undugu:
*nimekufunikia*
*nimekupashia*
*nilikusubiri*
*nitakuletea*
Kila moja mgeni kwa mwenziwe,
na katikati ya kila moja,
kama kokwa ndani ya tende, *ku*.
Mama alikuwa humo siku zote,
amekaa baina ya mtu na kazi yake.

Nikaamuru: tafuta *ku*.
Ikaniletea kuku, kumi, kufuli,
na kunguru wote tisa.

Basi. Nikachukua penseli,
nikahesabu kama alivyohesabu magunia:
vijiti vinne wima, cha tano kimelala juu yao.
Ukurasa wa pili ulikuwa unajaa
mama alipopita na leso begani,
akainama, akasoma.

"Hicho usikihesabu. *Nimekufungia mlango.*
Alinifungia nje, mjinga yule, akaenda na funguo zote.
Nikalala kwa Bi Mwanatumu."

Nikakifuta kijiti.
Alipogeuka, nikakirudisha.