Mbili kwa Moja

Mchana nasoma mita za maji, Umoja hadi Kayole.
Nainama, nafunua kifuniko cha chuma, nanakili tarakimu.
Humo shimoni hukaa vitu visivyoandikiwa bili:
gamba la konokono aliyehama,
ubawa wa kumbikumbi,
kangaga moja changa, kijani kuliko mtaa mzima.
Natia mfukoni.

Usiku meza ya kulia hugeuka karakana.
Natandika gazeti la juzi, navaa glavu,
nafungua dirisha harufu itoke ikawasumbue wengine.
Chupa mbili za Barabara ya Kirinyaga:
rezini, na kigumishi chake.
Mbili kwa moja, si kwa kukadiria,
si kama mama alivyotia chumvi.
Nakoroga polepole, dakika tatu kamili.
Mwenye pupa hadiriki kula tamu, walisema;
huku kwetu hupata mapovu.

Kaka yangu Oduya alinikuta
nimeinamia hereni na kiberiti cha gesi,
napitisha mwali juu yake, vipovu vinapasuka, tup, tup.
Akasema, "Mwanamume mzima!"
Kisha akanyamaza. Akainua moja mbele ya balbu,
ubawa wa kumbikumbi ukaonyesha mishipa yake yote.
"Hii bei gani?"
Siuzi, nikamwambia.
Akaondoka nayo.

Julai ndiyo adui.
Baridi huingia chupani, rezini ikawa nzito kama uji wa jana.
Naloweka chupa kwenye karai la maji moto,
nazikanda kama mzazi.
Stima ikikatika nafunika kalibu kwa sufuria, vumbi lisitue,
nalala bila kujua nitaamkia kito au gundi.
Mwaka jana nilishika kabla ya saa:
alama ya kidole changu imo humo mpaka leo.

Agosti, Wavinya wa ghorofa ya tatu akagonga.
Karatasi imekunjwa mara nne, mwandiko wa dadake Mbithe:
*Sukari nusu. Mafuta. Nyanya za mia.
Usisahau kiberiti.*
Basi. Walimzika Machakos mwezi wa tatu.
"Nataka niivae," akasema.

Nilijua karatasi hupakwa gundi kwanza,
tabaka mbili, ikauke.
Nilijua.
Nilipaka moja. Nilikuwa na haraka ya kumpendeza.

Asubuhi wino ulikuwa umetembea.
Sukari imekuwa wingu. Mafuta yameenda zake.
Nyanya, doa la samawati.
Kiberiti peke yake kimesimama,
na chini yake povu moja, dogo kama punje ya mtama,
ambalo mwali wangu haukuliona.

Nikafikiria kusema imepotea.
Nikafikiria kuiga mwandiko, nikajaribu hata,
pembeni mwa gazeti, mara kumi na moja;
S yangu haikuwa na tumbo lake.

Nikashuka ngazi nayo kiganjani.
Aliigeuza dirishani mara mbili, tatu.
"Umemfuta," akasema.
Hakulia. Hakunirudishia.
Alisukuma mlango kwa kisigino, nikabaki
nikitazama namba ya nyumba yake kana kwamba siijui.

Jumatatu nilikuwa nimeinamia mita ya lango letu,
sifuri, sifuri, nne, moja, saba,
nikaona viatu vyake, nikainua macho.
Kito kilikuwa shingoni, mgongo wake ukitazama nje,
maandishi yakigusa ngozi.
"Soma vizuri," akaniambia.
"Mwezi uliopita mlinizidishia."

Nikafuta kioo kwa kidole gumba.
Nikasoma tena.